Mchezo Unapoongezwa Nguvu

Kuna mchezo mmoja upendwao na vijana, na zaidi na watu wazima, katika nchi za Japani, China, Ujerumani, Uingereza na Marekani, ambao huenda wengi wa wasomaji wetu hawajauona kwa macho. Ni mchezo wa vifaru vidogo viongozwavyo kwa redio. Kifaru hicho si kichezeo cha kuvutwa kwa kamba. Ni mfano halisi wa kifaru cha vita, uliopunguzwa mara 16 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Minyororo yake huzunguka, mnara wake hugeuka kulia na kushoto, hunguruma kama chenye injini kubwa, na mzinga wake hurusha gololi ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 6.

Wenye mchezo huo wana desturi ya kufungua mnara wa kifaru na kuugeuza mtambo wa kurushia, ili gololi iende mbali zaidi na ipige kwa nguvu zaidi kuliko alivyokusudia mwenye kiwanda. Huliita jambo hilo kuuboresha mtambo. Sisi twataka kuuliza leo swali moja tu: je, ni kweli kwamba kitu kilichotiwa nguvu kimekuwa bora? Na aliyekitia nguvu amejitwika wajibu gani mbele ya jirani yake? Asidhani mtu kwamba hili ni neno dogo lisilostahili ukurasa huu. Wazee wetu walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Kwanza yatupasa kuueleza mtambo wenyewe, kwani asiyekijua kitu hawezi kukihukumu kwa haki. Ndani ya kifaru mna mota ndogo ya umeme. Mota huzungusha gia, na gia ya mwisho ina meno upande mmoja tu. Meno hayo huivuta pistoni nyuma na kuikaza springi. Meno yanapokwisha, pistoni huachiliwa ghafula, springi huisukuma mbele, na hewa iliyomo katika silinda hupenya tundu dogo na kuitupa gololi nje ya mtutu. Hamna baruti wala moto. Ni springi na hewa tu. Mtambo huu ni ndugu wa ule uliomo katika bunduki za mchezo zilizoanza kutengenezwa Japani katika miaka ya 1970, nchi yenye sheria kali mno juu ya silaha za kweli. Bunduki hizo siku hizi zajulikana duniani kwa jina la easofti.

Basi mwenye kutaka nguvu huanza na springi. Huitoa ile laini na kutia ngumu. Mara aona kwamba meno ya gia, yaliyokuwa ya plastiki, yanakatika kwa mzigo mpya. Hununua gia za chuma. Gia za chuma na springi ngumu zaitesa mota. Hununua mota yenye nguvu. Mota hiyo yanywa umeme mwingi. Hutafuta betri kubwa. Betri kubwa yaunguza swichi iliyokuwa imepimiwa umeme mdogo. Kisha hubadili mtutu, akatia wa shaba ulionyooka, na pete ya mpira katika pistoni ili hewa isivuje. Alianza na springi ya bei ya soda, akaishia kujenga upya kifaru kizima. Nani asiyeiona hapa picha ya mataifa? Taifa moja huongeza silaha moja, na silaha hiyo huomba ya pili, na ya pili huomba ya tatu, wala hapana siku ambayo mtu husema, sasa inatosha.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaani. Kuna mema mengi katika kazi hii. Kijana aliyevunja gia tatu na kufahamu kwa nini zilivunjika amejifunza somo la nguvu na mizigo ambalo wengine hulikariri darasani pasipo kulielewa. Amejifunza subira, kwa maana skrubu za mnara ni ndogo kama punje, na springi iliyokazwa ikiponyoka mkononi hairudi. Amejifunza kupima kabla ya kukata. Mikono yenye kujua kazi ni baraka katika nyumba yo yote, na sisi hatutaki kuwa miongoni mwa wale wanaoshuku kila kitu ambacho kijana hukifanya kwa furaha.

Wala hatukubaliani kabisa na wale wasemao kwamba kila kichezeo cha vita ni mbegu ya vita. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kuwachezesha askari wadogo wa kuchezea sakafuni. Katika mchezo huo ilitumika mizinga midogo ya springi, iliyotupa vipande vya mti na kuwaangusha askari hao. Wells hakuwa mpenda vita. Katika kitabu hicho hicho alisema kwamba vita vidogo vya sakafuni ni afadhali sana kuliko vita vikubwa vya wanadamu, na kwamba mtu akivicheza atatambua upesi jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu mkubwa. Mwaka uliofuata, 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza. Na tarehe 15 Septemba 1916 vifaru vya kweli viliingia vitani kwa mara ya kwanza, huko Somme katika nchi ya Ufaransa. Mizinga ya sakafuni haikuvileta vita hivyo, wala haikuvizuia. Kichezeo, basi, si shetani wala si malaika. Uzuri na ubaya wake hutoka kwa mwenye kukishika na kwa kile alichokifanya kiwe.

Na hapa twafika kwenye shina la maneno. Kitu huitwa bora kinapolitimiza vizuri zaidi kusudi lake. Kisu bora ni kile kikatacho, na mtungi bora ni ule usiovuja. Kusudi la mzinga wa kifaru cha mchezo ni lipi? Ni kuiangusha shabaha ya karatasi au kopo tupu lililowekwa mwisho wa uwanja, na kumfurahisha mchezaji kwa kuona kwamba alichokilenga amekipata. Ikiwa ndivyo, yapo marekebisho yanayouongezea ubora kweli: mtutu ulionyooka na kusafishwa, gololi zilizo duara kamili na zenye uzito sawa, pete isiyovujisha hewa ili kila risasi iende kama ile iliyotangulia. Marekebisho haya huutia mzinga utii. Gololi huenda pale ilikotumwa. Kadiri mzinga unavyotii, ndivyo jirani anavyokuwa salama zaidi.

Nguvu ni jambo jingine. Karatasi haihitaji kupigwa kwa nguvu zaidi ili itoboke, wala kopo halianguki mara mbili. Nguvu ikizidi ile inayohitajiwa na shabaha, haimwongezei mchezaji cho chote katika mchezo wake. Kilichozidi hakipotei, bali hungoja. Hungoja siku ambayo mbele ya mtutu patakuwapo kitu kisichokuwa shabaha.

Wako wenye kujibu kwa hesabu, na hesabu yao inavutia. Mzinga wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger, kilichoingia vitani mwaka 1942, ulikuwa na kipenyo cha milimita 88. Gawanya 88 kwa 16, utapata milimita 5.5, na gololi ina milimita 6. Kwa upana, basi, mzinga wa mfano wakaribia sana kulingana na ule wa kweli. Kutoka hapo husema: ikiwa upana umelingana, na umbali nao ulingane. Mita 1,600 za kifaru cha kweli ni mita 100 za kifaru cha mfano, lakini mzinga wa kiwandani, kwa maneno ya wauzaji wenyewe, hufika mita 25 hivi tu. Tuutie nguvu mpaka mtoto afanane na baba yake.

Hesabu ni sahihi, lakini hukumu si sahihi. Kifaru kimepunguzwa mara 16. Nyumba za karatasi zilizo katika uwanja wa mchezo zimepunguzwa, na askari wa plastiki wamepunguzwa. Lakini jicho la mtoto anayepita uani halikupunguzwa. Ngozi ya mama anayeanika nguo nyuma ya ua haikupunguzwa. Mwenye mchezo amejijengea dunia ndogo, nayo ni haki yake. Ila gololi ikiisha kutoka mtutuni haikai katika dunia ile ndogo. Huingia katika dunia hii yetu, ambamo watu wana kimo chao kamili na maumivu yao ni kamili. Waganga wa macho katika nchi nyingi wamekwisha kuandika juu ya majeraha ya gololi hizi: damu kuvuja ndani ya jicho, lenzi kuharibika na kuwa mtoto wa jicho, hata retina kuchanika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tena watu wengi hawafahamu jinsi nguvu inavyokua. Nguvu ya kitu kirukacho hupimwa kwa jouli. Gololi ya gramu 0.20 iendayo mita 50 kwa sekunde ina jouli 0.25. Iongezee mwendo hata ifike mita 100 kwa sekunde, na mtu asiyejua atadhani sasa ina jouli 0.5. Sivyo. Ina jouli 1 kamili. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo fundi anayejiambia kwamba ameongeza kidogo tu amejidanganya bila kukusudia, kwani aliongeza kidogo katika mwendo, lakini jirani atapokea kingi katika pigo.

Serikali za nchi zenye michezo hii zimeliona jambo hilo na kuweka mipaka. Katika Ujerumani, bunduki ya mchezo inayovuka jouli 0.5 huhesabiwa kuwa silaha, nayo haiuzwi ila kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Japani ilirekebisha sheria yake mwaka 2006, na gololi ya milimita 6 hairuhusiwi kuvuka kiasi cha jouli 0.98. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, iliweka jouli 1.3 kwa bunduki zifyatuazo mfululizo na jouli 2.5 kwa zile zifyatuazo moja moja. Hebu tazameni gololi yetu ya juu. Ilipokuwa na jouli 0.25 ilikuwa mchezo katika nchi zote tatu. Ilipoongezwa mwendo mara mbili iliruka mpaka wa Ujerumani na ule wa Japani kwa pamoja, na kwa macho kifaru ni kile kile, rangi ni ile ile, sauti ni ile ile.

Mtu mwerevu atauliza: nchi tatu, mipaka mitatu, je, mema na mabaya hubadilika mtu avukapo mpaka wa nchi? Hapana. Sheria ni ua. Watu huweza kuupanda ua mahali mbalimbali, kila mmoja kwa kadiri ya shamba lake, lakini kupandwa kwake ni ushuhuda kwamba wote wameliona shimo lile lile. Nchi zote tatu zakiri neno moja, kwamba ipo hatua ambayo kichezeo hukoma kuwa kichezeo, na jina lake la kwanza haliwezi kukiokoa. Lakini sheria hupima gololi tu. Haimjui aliyesimama nyuma ya shabaha. Hiyo ni kazi ya dhamiri, na dhamiri yaweza kusema hapana hata pale ambapo sheria imenyamaza.

Dhamiri husema nini katika shauri hili? Twaona mambo matatu.

La kwanza, afunguaye kitu na kukigeuza amekuwa mtengenezaji wake. Kilipotoka kiwandani, palikuwa na watu waliopima springi, wakaangalia umri wa mchezaji, wakaandika onyo juu ya sanduku. Siku fundi alipoitoa springi ile, aliyatoa pamoja nayo maneno yote yaliyoandikwa sandukuni. Hawezi tena kusema, "Ni kichezeo tu, nilikinunua dukani." Alichokinunua dukani hakipo tena. Kilichopo ni kazi ya mikono yake, na matokeo yake ni juu ya kichwa chake.

La pili, nguvu iliyofichwa ndani humdanganya mwingine. Kifaru kilichogeuzwa hakibadiliki sura. Mwenyewe anajua, lakini ndugu yake mdogo hajui, wala mgeni hajui, wala yule atakayekinunua baada ya miaka miwili hajui. Auzaye kifaru cha namna hii pasipo kusema kilichomo ndani yake ametenda dhuluma, hata kama bei ni ya haki. Na ampaye mtoto ametenda kubwa zaidi. Kuna watu wanaopenda kusema, mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo ina hekima yake kwa mkaidi aliyekwisha kuonywa. Lakini hapa mtoto hakulilia wembe. Alililia kichezeo, nasi tumemfichia wembe ndani yake.

La tatu, mzinga wa kifaru hauko begani mwa mtu. Ashikaye bunduki hutazama pale mtutu unapotazama, na jicho lake hufuata njia ya risasi. Aongozaye kifaru kwa redio husimama mbali, pengine hatua ishirini, naye huuona mnara kwa ubavu. Hawezi kujua kwa hakika kilichoko mbele ya mtutu. Zaidi ya hayo, gia yaweza kusimama katikati ya mzunguko wake, springi ikiwa imekazwa. Na gololi moja yaweza kubaki ndani ya mtutu ijapokuwa zote za akiba zimetolewa. Kifaru kilicholala kimya mezani chaweza kuwa kingali tayari kupiga. Mtu hujivunia kuwa na nguvu mahali asipokuwapo, lakini ni vigumu mno kuwa na huruma mahali usipokuwapo. Ndiyo maana mwenye kupigania kwa mbali yampasa awe na uangalifu mara mbili ya yule apiganaye ana kwa ana. Hili ni kweli kwa vifaru vya plastiki, nalo ni kweli zaidi kwa mashine zirukazo za vita vya siku hizi, ambazo huongozwa na watu waketio mbali na wale wanaouawa.

Watasema wengine: "Mimi ni mtu mzima. Uwanja ni wangu, ukuta ni mrefu, miwani ya kukinga macho ninayo, na hapana mtoto karibu. Nimemkosea nani?" Ikiwa hayo yote ni kweli kila mara, na sheria ya nchi haikuvunjwa, sisi hatumhukumu. Mtu anayo ruhusa ya kujaribu uwezo wa kazi yake. Tunachomwomba ni ajiulize mara ya pili: je, hayo yatakuwa kweli na kesho? Ukuta hubaki, lakini uangalifu wa mtu huchoka. Siku mia za usalama humfundisha mtu kusahau, na madhara huja siku ya mia na moja, mwenyewe akiwa ameitwa kupokea simu na kifaru kimeachwa nyasini.

Lipo pia jambo la kutufariji, nalo limetoka kwa mafundi wenyewe. Kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyoanza kuuza vifaru viongozwavyo kwa redio mwaka 1974, ilikuja baadaye kuvitilia baadhi ya vifaru vyake njia nyingine ya kupigana, isiyotupa kitu cho chote. Mzinga hutoa mwanga usioonekana kwa jicho, na kifaru kinacholengwa huupokea kwa kijisanduku kilicho juu yake. Kikipigwa hujua kwamba kimepigwa. Hutikisika, na mapigo yakizidi husimama kabisa. Vifaru vingi vya siku hizi vinavyotengenezwa China navyo hubeba njia zote mbili, gololi na mwanga. Katika vita vya mwanga aliye hodari hushinda kwa werevu, kwa kujificha vizuri na kulenga upesi, na jioni wote hurudi nyumbani na macho yao mawili. Huku nako ni kuboresha, tena kwa akili nyingi kuliko kutia springi ngumu. Fundi yule aliyejiuliza, "Nifanyeje ili mpigaji apige na aliyepigwa asiumie?" amelitafuta swali gumu zaidi, na amelipata jibu lake.

Kwenu ninyi wazazi, hata kama nyumbani kwenu hakuna kifaru cha redio, shauri hili ni lenu. Mwana aliyeongeza mpira wa pili katika manati yake amefanya kwa udogo kile kile tulichokieleza hapa. Msimnyang'anye tu na kumkemea, kwani atakwenda kutengeneza nyingine mafichoni. Keti naye, mwulize: "Umeiongezea nguvu ya nini? Unalenga nini? Na nyuma ya unachokilenga kuna nani?" Akizoea kujiuliza maswali hayo matatu akiwa na miaka kumi, atayajua pia siku atakapokabidhiwa usukani wa gari, au kalamu ya kutia sahihi, au amri juu ya watu wengine.

Kwa maana dunia haina uhaba wa watu wajuao kuongeza nguvu. Kila karne imezaa mafundi wake, na kila fundi amepata springi iliyo ngumu kuliko ya jana. Wanaohitajiwa ni wale wajuao kiasi: wawezao kukishika kitu mkononi, wakajua kwamba kingeweza kutiwa nguvu zaidi, wakaifunga skrubu ya mwisho na kusema kwa hiari yao, "Hapa panatosha."